Alama Ishirini

Ukumbi wa kulia wa shule moja hapa Nakuru,
meza bado zanuka maharagwe ya muhula uliopita.
Vumbi jeupe la ziwani limepenya chini ya mlango
likatua juu ya bunda langu, karatasi mia mbili na tatu.
Mwongozo uko wazi. Swali la nne:
Jadili ukatili ulivyojitokeza katika tamthilia.
Alama ishirini. Hoja kumi, mbili mbili.
Hoja isiyo na mfano, moja.

Tangu asubuhi ukatili umepita mkononi mwangu
kwa kila aina ya mwandiko:
ukatili wa baba, wa dola, wa jirani,
kila mmoja na ukurasa wake.
Nimetia vema. Vema. Vema.
Kidole kimeota sugu, chai imeingia utando,
na Cherotich, kiongozi wa meza, anatuhimiza:
wenzetu wa meza ya sita wanamaliza!

Kisha hii. Haina jina, zote hazina jina,
ni tarakimu kumi na moja tu.
Imeanza vizuri, "Katika tamthilia," koma,
halafu ikakata kona:

"Kwetu Rhonda palikuwa na fundi wa miavuli,
Wafubwa. Akihesabu mishono kwa sauti
kwa lugha tusiyoijua.
Hakuoa. Matangani haji. Ilisemwa analala
chini ya mwavuli uliofunguliwa, ndani ya nyumba.
Walisema. Nasi tukasema.
Mtoto wa Mama Achitsa alipopotea, Jumamosi,
hakuna aliyeuliza ni nani. Tulijua tangu zamani,
tulikuwa tunangoja tu apotee mtoto.
(Alipatikana Njoro jioni ile, kwa shangazi yake, anakula mandazi.)
Miavuli tuliichoma. Ilifunguka yenyewe motoni,
mmoja mmoja.
Jiwe la kwanza silijui. La pili ni la kinyozi.
La tatu ni langu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili
na sikuliokota tu, nililichagua.
Tumefundishwa mhusika bapa na mhusika mviringo.
Naomba kuuliza: sisi tuliokuwa pale
tulikuwa bapa,
au tulikuwa mviringo tukajibapa kwa saa moja?"

Basi. Chini yake mistari mitupu.

Nimeupekua mwongozo mbele na nyuma.
Jibu lisilotoka kitabuni, sufuri. Ndivyo ulivyo.
Na mimi ni mtu wa mwongozo, miaka kumi na saba sasa,
sijawahi kuitwa kueleza alama yangu.

Ile Januari nilikuwa mwalimu mgeni mtaani,
chaki haziishi mfukoni.
Vijana walibisha usiku, kwa adabu, hodi mwalimu,
wakaomba moja. Hawakusema ya nini.
Sikuuliza ya nini.
Kulipokucha malango saba yalikuwa na alama,
kijimsalaba cheupe, nadhifu, cha mtu aliyesoma.
Lango la Nyaboke lilikuwamo,
Nyaboke aliyeniazima jiko wiki niliyohamia
na ambaye hadi leo sijamrudishia.
Langu halikuwa na kitu.
Chaki waliirudisha. Ilibaki kipande,
na shule zilipofunguliwa nikafundishia ngeli:
A-WA, nikaandika ubaoni,
ngeli ya viumbe vyenye uhai.

Wewe wa tarakimu kumi na moja,
hukujua karatasi yako itamfikia nani.
Hukunisamehe, hukunishtaki. Uliuliza swali.
Ningekujibu pembeni, lakini pembeni
haturuhusiwi kuandika maneno.

Nimeinua kalamu nyekundu. Nimeanza sufuri
kutoka juu, kushoto, nikizungusha taratibu,
na mkono ukakataa njiani, ukakunja mapema.

Cherotich amepita, ameinama, amevaa miwani.
"Mwalimu, hebu soma. Hii ni sufuri au sita?"