Ile Isiyosemwa

Ilikuja imekunjwa mara nne ndani ya daftari,
kona moja imelowa uji,
mhuri wa shule umeteleza pembeni
kana kwamba aliyeugonga alikuwa akiitwa.

Mimi nilitafuta namba.
Enzi zangu ripoti ilikuwa namba:
wa thelathini na nane kati ya arobaini na moja,
na baba akaniuliza, hao watatu wanaumwa nini?
Basi nikaigeuza karatasi, nikaigeuza tena,
nikaipeleka kwenye mwanga wa taa.
Hakuna wa kwanza. Hakuna wa mwisho.
Mwalimu Penina wa darasa la awali
hapangi watoto kama mafungu ya nyanya.

Badala yake kuna maneno.

Herufi: anaendelea.
Kuchora: anaendelea vizuri.
Kuvaa viatu: anaendelea, ila kulia na kushoto bado havijapatana.

Mama yake akauliza, anaendelea kwenda wapi?
Nikasema, mbele, labda.
Akasema, labda si jibu, wewe ndiye uliyesoma.
(Niliishia la tano.)

Usafi: mzuri, kucha zitazamwe.
Chakula: humaliza, kisha humsaidia jirani kumaliza.
Hapo mama yake alicheka mpaka akaweka chini kisu cha bamia.
Kuishi na wenzake: mtoto akianguka, Tunu humfuata,
humpangusa magoti, humwambia,
"Pole, hii ni pancha tu."
Hapo nilisoma mara mbili.

Kisha Hesabu.
Mwandiko wa Mwalimu ukawa mdogo,
kama mtu anayesogeza kiti karibu:

"Anahesabu hadi ishirini bila msaada.
Lakini akifika saba hunyamaza,
huinamisha kichwa, huvuta pumzi,
kisha husema tisa.
Nimejaribu kwa vijiti, kwa kokoto, kwa vizibo vya soda.
Nane anaijua akiiona. Kuitamka hataki.
Mzazi atusaidie."

Mama yake akanitazama.
Mimi nikatazama taa.

Kwa sababu kila asubuhi namketisha mbele ya baiskeli,
kwenye kiti nilichomchomelea mwenyewe,
tunatoka Barabara ya Nne kuelekea shule,
na hapa Ngamiani barabara zina namba,
mtoto hahitaji ubao.
Tano! tunasema. Sita! Nagonga kengele. Saba!
Halafu kona ya Nane ina duka la vipuri la Bwana Twaha,
na Bwana Twaha ana daftari lake,
nami nimo humo tangu kabla ya mfungo:
tairi mbili, mnyororo, gundi kopo moja,
elfu thelathini na mbili.
Basi hapo nashusha kofia, nainama juu ya usukani,
nakanyaga pedali kimyakimya
mpaka tuvuke. Tisa!

Sikumfundisha. Wallahi sikumfundisha.
Aliketi tu, mgongo wake kifuani mwangu,
nami nikiinama, naye anainama.

Chini kabisa pana mistari miwili: Maoni ya Mzazi.
Kalamu niliishika kama spana isiyo saizi yake.
Nikaandika, Asante. Nikaandika, Nimeona.
Nafasi ikabaki, nikaiacha.

Shule ilipofunguliwa nilikuwa na elfu tisa mfukoni,
si mwili wa deni, ni kidole chake tu.
Tano, akasema. Sita. Saba.
Nikashika breki.
Bwana Twaha alikuwa akinyunyiza maji mbele ya duka kutuliza vumbi;
akainua macho, ndoo mkononi.
Tunu alikwisha kuinamisha kichwa.
"Baba," akaninong'oneza,
"mbona tumesimama kwenye ile isiyosemwa?"