Kadi ya Mpagazi

Ufunguo uko kwangu Jumamosi.
Siku nyingine anao Mwalimu Singano,
na akienda Muheza kwa wajukuu
unaning'inia dukani kwa Hoza, kando ya mizani ya sukari.
Mlango una tabia: usukume kwa goti.
Ukiubembeleza haufunguki.

Ndani ni chumba kimoja tu, hapa Chumbageni.
Zamani kilikuwa stoo ya karani wa mkonge;
siku za mvua harufu ya kamba bado inarudi.
Umeme ni wa kuchangishana.
Tukinunua wa elfu mbili tunawasha taa moja,
ya juu ya sanduku,
kwa kuwa sanduku ndilo linaloulizwa.

Sanduku la mbao, bawaba imeliwa na kutu.
Pasi ya mkaa.
Rozari iliyokatika, shanga ishirini na tatu.
Daftari la mapishi, mwandiko umelala kama mvua ya upepo.
Hakuna kati yetu anayeweza kulisoma,
ila Bi Mwantumu aliona doa la mafuta ukurasa wa nane
akasema, "Hiki ndicho walichokipenda."

Hatulipwi. Binamu yangu aliniuliza:
Wapolandi ni shemeji zako?
Nikamweleza: walishuka bandarini mwaka arobaini na mbili,
wanawake na watoto, wamekonda,
vita vimewazungusha Siberia, vikawapitisha Uajemi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hawa treni iliwachukua siku ya pili
ikawapeleka bara.
"Kumbe walipita tu," akasema.
Ndiyo. Walipita.
Nawe ukisahauliwa mwavuli na mgeni, unautupa?

Sasa, picha.
Ilipigwa stesheni. Nyuma yake, kwa wino wa buluu,
mtu aliandika majina: Genovefa, Halina,
Kazimira na mdogo wake, mtoto wa Bronislava.
Mwalimu aliyanakili kwenye kadi,
akajifunza kuyatamka hadi taya zikamuuma.
Katikati yao yuko mwanamume,
sanduku hilihili begani, shingo imepinda,
macho kwa mpiga picha.
Kadi yake tuliandika: Mpagazi.

Ikakaa hivyo miaka minne,
mpaka walipokuja darasa la tano kutoka Mabawa.
Msichana mmoja alibaki nyuma ya wenzake.
"Huyu hana jina?"
Mwalimu akafuta miwani. Akaifuta tena.
"Jina halikuandikwa."
"Kwani aliyeandika hakumuuliza?"

Taa ikazimika palepale.
Sisemi ilikuwa ishara.
Elfu mbili ilikuwa imekwisha.

Wiki ile nilifunga penseli kwa uzi wa mkonge
nikaitundika chini ya picha.
Jumatano akaja mama mmoja wa Ngamiani:
"Ni babu yetu Semkiwa. Sikio lile ni la kwetu."
Ijumaa, baada ya swala, ndugu wawili:
"Huyu Mwakidudu, kuli wa gatini.
Alizikwa na kovu begani."
Fundi cherehani aliingia, akaandika, akatoka,
hata salamu hakutoa.
Leo kadi ina majina tisa
kwa mtu mmoja.

Mwalimu anataka ushahidi.
"Makumbusho si daftari la rambirambi," anasema,
na siwezi kusema amekosea.
Bi Mwantumu anafagia, hainui kichwa:
"Picha ina sanduku moja.
Siku ile yalishuka mangapi?"

Hatujakata shauri.
Nimegundisha kadi ya pili, ya kwanza imejaa.

Jana nilichelewa kufunga.
Nilisimama na penseli mkononi
nikimfikiria babu mzaa mama.
Kazi yake hakuna aliyewahi kunitajia.
Nakumbuka tu kanzu yake haikukaa sawa:
bega moja lilikuwa chini.

Nikaichonga penseli.
Nikairudisha kwenye uzi wake,
nikavuta mlango kwa goti.