Dosari Kumi na Nne

Programu ya zabibu ya ushirika wa Hombolo
ina mistari elfu kumi na moja, mia tatu na sita.
Nimeihesabu. Nimehesabu hata mistari mitupu,
ile ambayo mtu alibonyeza kitufe tu
akapumua.

Miaka sita ya mabadiliko, kila badiliko na saa yake:
nani kagusa, nini kafuta, nini karudisha
usiku wa manane kwa ujumbe wa neno moja,
"samahani."

Rejista ya hitilafu inasema kumi na nne.
Kumi na nne, kwa miaka sita!
Profesa wangu pale Chimwaga akavua miwani:
"Programu hii malaika. Andika."

Nikaandika. Grafu ikalala kama mbuzi aliyeshiba,
isipokuwa faili moja, fupi, lililojikunja,
sharti ndani ya sharti ndani ya sharti,
likasimama peke yake juu kulia
nje ya kila mstari niliouchora.
Vipimo vyangu vyote vililishtaki:
tata, halisomeki, lifutwe.
Kichwani mwake Ndahani, aliyelitunga
kabla hajahamia Mwanza, aliacha maneno manne:
"Usiguse. Muulize Sechelela."

Sechelela hayumo kwenye sampuli yangu.
Sampuli yangu ni ya watengenezaji.

Agosti, alfajiri, bodaboda kupitia Ihumwa,
upepo wa kwetu ule usiobisha hodi
ukinijaza mchanga hadi kwenye dodoso.

Banda la bati. Mizani. Kishikwambi chenye ufa.
Penseli sikioni, Sechelela hakuniangalia usoni.
"Inua kreti hiyo."
Tupu. Nikainua.
"Na hiyo."
Tupu pia, lakini mkono ulijua.
"Ya mbao, imeoshwa jana. Mbao hunywa maji.
Robo tatu ya kilo: nani ailipie? Mkulima?"

Ndahani alikaa hapa siku tatu, akasema,
juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini:
mbao au plastiki, kavu au mbichi,
asubuhi au jua likishapanda.
Kila sharti nililoliita uchafu
ni mtu aliyekuja hapa na stakabadhi mkononi
akapiga kelele,
akasikilizwa.

"Na programu ikikosea, unaripoti wapi?"
Alicheka mpaka foleni ikageuka.
Fomu ina vipengele ishirini na inataka mtandao.
Akavuta daftari la kaunta chini ya mizani,
mgongo wake umefungwa kwa utepe wa kanda.
Tarehe, jina, kilo, kosa.
Hapa ilizima. Hapa ililipa mara mbili, tukarudisha.
Hapa ilimwandika Mzee Chibago marehemu
siku tatu mfululizo,
naye amesimama papo hapo na tenga lake.

Nilihesabu nikiwa nimechuchumaa.
Mia mbili tisini na moja.

Asiyekuwepo na lake halipo:
nimesoma takwimu miaka minne
na hakuna aliyeniambia kwamba
hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza.

"Kwenye kitabu chako nitaitwa nani?"
Mshiriki wa Saba, nikasema; ni maadili ya utafiti.
"Na Ndahani?"
Mtengenezaji wa Pili.
Akafikiri, akaipiga ngumi mizani irudi kwenye sifuri.
"Basi andika Mtengenezaji wa Pili
alivunja kreti akailipa."

Profesa ananitaka niiondoe ile nukta ya juu kulia,
inaharibu mstari, anasema.
Sijaiondoa. Nimeondoa malaika.
Na ndani ya faili, chini ya maneno ya Ndahani,
nimeongeza langu, badiliko la elfu mbili na arobaini,
saa nane usiku:
"Simu yake haipatikani mchana.
Nenda."