Jumamosi Naosha Jiwe

Sabuni ya kipande, burashi ya katani,
ndoo mbili kutoka tangi la Mama Nekesa
maana bomba la parokia limekauka tena.
Mweka hazina ameliandika katika daftari la mali:
birika la ubatizo, moja, la jiwe, hali nzuri.
Hakuandika lilikotoka.

Babu yangu Wepukhulu, mwashi,
ndiye aliyelivusha mto Kuywa
kwa mkokoteni wa maksai wanne, mwaka wa nzige,
padri wa ndevu nyekundu akifuata nyuma
akiimba Kilatini,
ili jiwe lisahau.

Lilikuwa la Wele.
Juu yake uliwekwa unga wa wimbi,
ikamwagwa damu ya beberu asiye na doa,
na mtoto aliyelia bila kukoma akaitwa
jina la marehemu huyu, la marehemu yule,
hadi mmoja wao akubali.

Babu alilichonga siku tisa. Tindo tatu zikavunjika.
Akalipwa shilingi kumi na mbili, na rozari.
Usiku ule (bibi aliniambia akichambua saga,
bila kuinua macho)
alirudi peke yake na kibuyu cha busaa,
akamimina kidogo, akanong'ona:
Usinikasirikie. Umebadilishiwa kazi tu.

Upande wa ukutani, waumini wasikoona,
kuna mfereji mwembamba,
kidole changu cha shahada huingia barabara.
Babu hakuuziba. Alikuwa na saruji, na hakuuziba.
Hapo situmii sabuni.

Padri Wafubwa, huyu mpya, ameleta picha:
marumaru nyeupe, njiwa wa rangi ya dhahabu,
inauzwa Nakuru, usafiri juu yetu.
Kamati imekaa mara mbili.
Wazee walikohoa.
Mama Nekesa akauliza bei,
kikao kikafungwa kwa sala.

Jumapili iliyopita alikuja Nakhumicha, binti wa dada yangu,
na mtoto aliyeanza kulia tangu langoni.
Jina? Kalisti.
Kilio kikapanda hadi kwenye mabati.
Kalisti nani? Padri akauliza, kata mkononi.
Nakhumicha akatazama sakafu, akatazama jiwe.
Wepukhulu, akasema.

Mtoto akanyamaza.
Labda alikuwa amekipata kidole gumba.
Sitaki kusema zaidi ya nilichoona:
maji yakamwagwa mara tatu,
mara ya tatu yakazidi,
yakatafuta njia, yakaipata,
yakashuka kwa ule mfereji wa nyuma
taratibu, kama mtu aendaye kwake,
hadi kwenye kiatu changu.

Nilikuwa na kitambaa mkononi.
Kazi yangu ni kupangusa.
Nilisimama kwanza,
soksi ikilowa.