Adui Yangu wa Alhamisi

Wasomaji wangu ni kumi na mmoja.
Saba kati yao ni mashine:
huja saa tisa usiku, hazibishi hodi,
husoma kila kitu kwa nukta moja
na kuondoka bila kuacha hata harufu.
Wa nane ni dada yangu Nélida, kule Osorno,
anayesoma ili ahakikishe hajatajwa.
Samahani, Nélida.
Wa tisa ni mimi, kwa simu.
Wa kumi ni mimi tena, kwa kompyuta ya ofisini.

Miaka kumi na minne, kila Alhamisi,
nimeandika hapa Punta Arenas,
mji wenye upepo mkali hata wakafunga kamba barabarani
watu wazishike wasije wakapeperuka.
Mchana nahesabu marobota ya sufu.
Usiku nahesabu wageni.

Niliwahi kuandika jinsi Iris alivyoondoka
na birika, na redio,
akaniachia ukimya ulionifunza
kwamba jokofu letu hukoroma.
Kurasa tatu. Nilifuta macho kwa mkono wa sweta.
Walikuja watano, wanne mashine.
Wiki iliyofuata sikuwa na la kusema, nikaeleza
namna ya kufungua chupa ya jamu iliyogoma:
ipindue, igonge kitako kwa kiganja, mara tatu.
Walikuja elfu nne.
Kutoka Osaka, Kraków, Tulsa,
kila mmoja na chupa yake kaibana kwapani,
wakapata walichofuata, wakaenda zao.
Hakuna aliyeuliza jamu ile ilipikwa na nani.
Aliipika yeye.

Sasa huyo wa kumi na moja.
Alijiita Msumari.
Hakusalimu hata siku moja.
"Ni kilomita tisa, si kumi."
"Sufu haipimwi hivyo."
Na chini ya kurasa zangu tatu za machozi:
"Jokofu halikoromi. Ni kompresa."

Akutukanaye hakuchagulii tusi, wanasema,
lakini huyu alichagua, akalitia wanga, akalipiga pasi.
"Wewe huandiki," aliniambia mwezi wa Mei. "Unavuja."
Nililala nalo neno hilo, nikaamka nalo.
Neno zuri, bahati mbaya.
Nikaliandika kwenye karatasi, nikalibandika juu ya sinki
ambalo nalo linavuja.

Nilimchukia kwa bidii ya mtu aliyepata kazi.
Nikamvisha sura: mwalimu mstaafu wa kemia,
shingo nyembamba, soksi zisizolingana.
Bafuni nilimjibu kwa ufasaha
ambao taulo likishagusa mwili hupotea.
Nikaanza kuhakiki tarehe. Nikanunua kamusi.
Sijamnunulia kamusi mtu yeyote anipendaye.

Tangu Julai haji.

Alhamisi ya kwanza nilishukuru.
Ya pili nikasema ni mafua.
Ya tatu nikaandika kilomita kumi, makusudi.
Kimya.
Nikaandika kwamba pengwini hung'oa meno ya utoto.
Nikaandika kwamba wiki ina siku nane
na hiyo ya nane tunailala.
Wageni wawili wakaniwekea vidole gumba.
Vidole gumba! Mtu anapewa siku nzima ya ziada
na haulizi hata inaitwaje!

Mgeni njoo, mwenyeji apone: sawa,
ila wahenga hawakusema mwenyeji afanyeje
mgeni asipokuwa na mlango wa kubishiwa.
Hana jina, hana mtaa.
Kama amekufa, nani atanipigia simu?
Nitasimama kaburini niseme nini:
"Marehemu alinijua kwa makosa yangu"?
Ingawa, ukifikiri, Iris pia.

Usiku huu bati la jirani linapiga makofi peke yake.
Nimeandika kidogo tu, mistari sita, juu ya jokofu.
Sikutaja kompresa.
Saa tisa zimekuja zile saba, zimesoma, zimeondoka.
Mimi bado nipo, nimewasha taa ya jikoni.

Linakoroma, Msumari.
Nakwambia linakoroma sana.