Kidole Kilichokunjwa

Jumamosi ya pili ya kila mwezi, juu ya kituo cha zimamoto,
vilembwe wa vita hukutana, hapa Gallipolis, Ohio.
Wana utepe wa buluu kifuani, wana keki ya limau,
na bendera moja iliyoliwa na nondo, ndani ya kioo.
Ukitaka kiti kwao, huulizwi umetenda nini.
Unaulizwa umetoka kwa nani.

Bi Orpha Tuttle ndiye msajili, mwaka wa thelathini na moja huu.
Mimi ni mpangaji wake wa ghorofani;
kodi yangu nusu ni fedha, nusu ni macho,
kwa kuwa yake yana mtoto wa jicho,
na hati za zamani zimepauka
kama chai ya majani yaliyorudiwa.

“Cheti cha kuzaliwa. Cha ndoa. Cha kifo.
Kisha vya baba yake, na vya baba wa baba yake.
Pete moja ikikatika,” husema, “huo si mkufu tena, ni vyuma.”
Nami hucheka kimoyomoyo; lugha hiyo naijua.
Kwetu Pate nilifunzwa kuhesabu mababu kwa vidole,
fulani bin fulani bin fulani, hadi Hadhramaut,
na shangazi alinifinya siku niliyouliza
mbona kidole kimoja kimekunjwa.
Kilikuwa cha mama yake babu, aliyenunuliwa.
Jina lake alilijua mpishi tu.

Novemba alikuja Delbert Goins, na sanduku la viatu.
Babu wa babu yake alibeba bunduki katika kikosi cha weusi,
akarudi na mguu mmoja.
Cheti cha ndoa hakuna: walioana
wakati wao wenyewe walikuwa mali ya mtu.
Kulikuwa na ushahidi wa jirani:
*Niliwaona wakiruka ufagio, mwaka ule wa mahindi mengi.*
Chini yake alama ya mkasi, ndiyo sahihi.
Bi Orpha akasema ufagio si cheti.
Barua ya kumkatalia ilikuwa ya adabu sana.
Niliipiga chapa mimi.

Kisha Machi ikaja bahasha nene kutoka Washington,
faili la Jabez Whitcomb, babu wa baba yake Bi Orpha,
aliyetaka kumtia fremu ukumbini.
Nikasoma: *Alionekana mara ya mwisho tarehe tano Oktoba. Mtoro.*
“Soma tena.”
Nikasoma tena. Neno halikupungua.

Nyuma, karani alikuwa amebana barua ya mke, kama kielelezo:
*Mtoto wa tatu tumemzika Jumanne.
Mahindi yamesimama, hayana mvunaji.*
Na katika daftari la kanisa, mtoto wa nne,
Silas, alizaliwa Julai iliyofuata.
Silas ndiye aliyemzaa baba yake Bi Orpha.
Nilihesabu miezi kwa vidole, Oktoba hadi Julai.
Vilitosha vyote kumi, safari hii sikukunja hata kimoja.
Yeye pia alikuwa akihesabu, mikono chini ya meza.

Jumamosi hakuvaa utepe.
Hakutangaza kitu. Alikata keki vipande vinene mno,
watu wanne wakakosa.

Usiku aliniita kutoka jikoni.
“Lile sanduku la viatu, tulilirudisha?”
“Tulilirudisha, Bi Orpha. Stempu ulilipa wewe.”
Jokofu likanguruma, likatulia.
“Nambari yake ya simu unayo?”

Sikumjibu upesi.
Nilikuwa mbali, nimesimama mlangoni mwa jiko jingine,
moshi umejaa, mpishi amenipa mgongo,
na mimi, mtu mzima sasa, nikitafuta
namna ya kumuuliza jina.