Hakikuibwa Kitu

Mimi ndiye niliyeshika kalamu siku ile.
Goti langu lilikuwa limefungwa bendeji,
nikapewa meza ya darasani na daftari
lenye safu za kila kinachoingia:
mbili, tatu, moja ya adhabu.
Kinachozuiwa kisiingie hakikupangiwa mahali.

Uwanja wetu hapa Maweni ni saruji iliyopasuka.
Ringi imeliwa na chumvi. Wavu ni kamba ya nailoni
aliyoisuka Nyevu mwenyewe, likizo ya Agosti.
Mtwapa walikuja na viatu vipya
na Nekesa, ambaye habari zake zilifika Malindi
kabla ya basi lao: pointi ishirini kila mechi,
na hacheki akifunga.

Kocha Mwaringa akamkabidhi kwa Mbeyu.

Mbeyu hafungi. Msimu mzima nimemwandikia sita,
na mbili kati ya hizo mpira ulimgonga kisogo
ukaingia wenyewe.

“Usimtazame macho,” kocha alimwambia, “macho ni waongo.
Tazama kitovu. Kitovu hakiwezi kwenda pasipo mwenyewe.
Na usipoziba ufa...”
Hakumalizia. Alituonyesha kwa kidole ule ufa wa chini ya ringi
uliong'oa kucha yangu mwaka jana.

Robo ya kwanza Nekesa alimpita mara mbili.
Nikaandika: mbili. Mbili.
Robo ya pili Mbeyu akashuka,
magoti yamekunjwa, makalio chini, mikono wazi
kama anayezuia kuku asitoke mlangoni,
akawa anateleza ubavu ubavu,
miguu yake haigusani
kama majirani waliokosana.
Nekesa kulia, Mbeyu yuko.
Nekesa kushoto, yuko.
Nekesa akageuka kutafuta wenzake
akaisikia pumzi ya Mbeyu kwenye shingo.

Na mdomo! Ulinzi ni mdomo pia.
“Nyevu, kushoto kwako! Mtu mgongoni!
Nimemwacha huyu, mchukue! Mchukue!”
Daftari halina safu ya sauti.

Nikamfikiria baba yake, Charo,
mlinzi wa usiku kwenye nyumba ya Wataliano kule Kasuarina.
Tochi, rungu, redio ya betri mbili,
miaka kumi na saba.
Asubuhi mwenye nyumba hufungua dirisha,
hunywa kahawa, husifia bahari.
Hakuna gazeti lililowahi kuandika:
jana usiku hakikuibwa kitu.

Zimebaki sekunde tisa. Sisi ishirini na tatu, wao ishirini na mbili.
Nekesa akaja na mpira, mwili mzima, kama lori lililokatika breki,
na Mbeyu hakuruka.
Alifika mapema tu, akaisimika miguu,
akanyoosha mikono juu, akangoja kifua kwa kifua.

Tulisikia mgongo ukipiga saruji.
Filimbi.
Uwanja kimya, watu hawajui wamlilie nani,
mpaka refa akaweka kiganja kisogoni
na kunyoosha ngumi upande wetu:
rafu ya mshambuliaji, mpira wa Malindi.

Walimbeba Rukiya juu juu. Alifunga kumi na moja,
alistahili kubebwa.
Mbeyu alikuwa kwenye bomba anaosha kiwiko.

Nikabaki na daftari. Nilishika rula
nichore safu mpya pembeni, kisha nikaiacha,
maana nilitazama mstari wa Nekesa:
mbili, mbili, halafu karatasi nyeupe
hadi ukingoni.
Sahihi ya Mbeyu ndiyo hiyo nyeupe.

Baba yake alipita na baiskeli, akiwahi zamu.
“Mmeshinda?”
“Tumeshinda.”
“Wewe umefunga ngapi?”
“Sikufunga.”
Akakitazama kiwiko. Akatazama ubao.
Akajaribu tochi, ikawaka mchana kweupe,
akaizima, akapanda baiskeli akaenda.